Koti la Bi Kinyaa

Nepi ilikuwa imejaa mpaka inavuja, lakini haikunuka. Bi Kinyaa aliinusa mara ya pili, akaikunja, akashukuru. Jina hilo walimbandika kazini kwa sababu hanywi kwenye kikombe alichogusa mwingine, na akishikana mkono na mtu hukimbilia bomba. Mtu wa namna hiyo akijaliwa mtoto ambaye kinyesi chake hakinuki, haulizi maswali.

Kiwandani kwao walipulizia shuka na soksi unga wa madini ya fedha wa kuua harufu, uliosagwa ukawa chembe ambazo mbele yake unywele mmoja ni gogo. Sheria ilikuwa moja: koti la kazi halitoki nje, linafuliwa pale pale. Ila makoti yalifuliwa yote pamoja, jasho la makwapa ya watu arobaini kwenye maji yale yale, na tumbo la Bi Kinyaa halikulistahimili hilo. Akawa analiviringisha koti lake ndani ya mkoba na kwenda kulifua nyumbani, kwenye beseni la kumwogeshea mtoto. Usafi gani huo, jamani?

Wiki ya pili ya kulifua koti nyumbani, maziwa yaliyosahauliwa mezani siku nne hayakuchacha. Kisha mumewe alisogeza kabati kutafuta kijiko, akakuta panya aliyekufa. Alikuwa hapo muda mrefu, maana buibui alikwishamfumia utando, lakini hakuwa na funza wala nzi, na alipoguswa kwa fagio manyoya yalitoka yote kwa mpigo, ikabaki ngozi nyeupe, laini, yenye utelezi wa mate.

"Huyu kalambwa," mume alinong'ona.

"Na nani?"

Hapo ndipo walipoisikia sauti, mchana kweupe, ikitoka chumbani alikolala mtoto: ulimi mzito ukilamba taratibu. Walikimbia. Hapakuwa na mtu. Mtoto alikuwa macho, halii, amelegea, na utosi wake, ule utosi ambao Bi Kinyaa aliupenda kuunusa kuliko manukato yoyote, ulikuwa umelowa ute wa kijivu na haukunukia chochote. Aliufuta, ute ukavutika kidoleni, ukajikusanya, ukatambaa kurudi ulikotoka. Alitapika papo hapo, na matapishi nayo hayakunuka.

"Tangu jana hanyonyi sawasawa," alimwambia mumewe. "Mwanangu anaisha, baba."

Alimpigia simu msimamizi wa zamu.

"Koti umelitoa?" msimamizi aliuliza kwa sauti ya chini. "Dada yangu, hata wakubwa hawajui zile chembe zikishaingia mwilini zinakwenda wapi. Bado wanapima." Akakata simu.

Mganga aliyeitwa na mume, bibi mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, alifika adhuhuri. Alimnusa mtoto, akalinusa beseni lenye koti lililolowekwa, akatema mate.

"Jini huyu ni wa zamani. Chakula chake harufu. Zamani mlango ulitosha kumzuia, sasa mmemsagia kipando, unga unaopenya hata ngozi. Akimaliza uozo, anakula kilicho hai."

"Atatokaje, bibi?"

"Ashibishwe mpaka avimbiwe. Lete kila unachokionea kinyaa, kwa mikono yako mwenyewe."

Na Bi Kinyaa, ambaye hajawahi kugusa hata jalala lake mwenyewe, alikwenda kwenye mapipa ya majirani akazoa matumbo ya samaki, mayai viza na tope la mfereji lenye minyoo, akavibeba kifuani vikimchuruzika mpaka tumboni, akavimimina kwenye beseni juu ya lile koti na kuvikanda mpaka viwiko vikazama, huku ulimi ukilamba kwa pupa ukutani, kitandani, chini ya kucha zake, haraka, haraka zaidi, mpaka kitu kikacheua ndani ya beseni na koti likafura, likapasuka.

Nyumba nzima ikanuka. Mume alitoka nje akiziba pua. Mtoto alipiga chafya, akalia kwa nguvu, ananuka mkojo na maziwa yaliyochacha, na Bi Kinyaa akacheka na kulia kwa pamoja. Hakungoja kunawa mikono. Alikaa, akampa ziwa.

Mtoto alinusa. Akanusa tena, akageuza uso.

Bi Kinyaa aliinua mkono wake, uliojaa matumbo ya samaki mpaka kiwikoni, akaupeleka puani. Nyumba bado ilinuka; mkono haukunuka chochote. Mapajani mwake mtoto aliendelea kulia na kugeuza kichwa huku na huku, akimtafuta mama yake.