Ndugu Mwekundu wa Magadi

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya paa la jirani, kazi za kitalu cha miche zilikuwa zimeshagawanywa. Mama alijaza udongo kwenye vifuko, mjomba alichanganya dawa, na Chapuchapu alifagia ghala na kuosha ndoo. Chapuchapu halikuwa jina la kuzaliwa. Mama yake ndiye aliyempachika jina hilo, kwa sababu binti huyo wa miaka kumi na miwili hakuweza kungoja chai ipoe wala mtu amalize sentensi. Alikuwa mchapakazi, hilo hatumnyimi. Ila haraka yake, jamani! Ungedhani anafukuzwa.

Jumamosi hiyo haraka ilikuwa na sababu. Saa nne darasa lake lilikuwa na mechi ya mpira wa pete, na yeye ndiye mfungaji. Mama naye alikuwa amelala ndani, mafua yamembana, pua imeziba kabisa tangu juzi. Kazi za watu watatu zilibaki kwa wawili.

Chapuchapu alimkuta mjomba ghalani akipima dawa. Zamani mjomba alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari, na mazoea hayakumtoka: glavu mkononi, barakoa usoni, dirisha wazi.

"Mjomba, mbona dawa hii nyekundu hivi?"

"Hii ni ya kuua minyoo ya udongoni. Ukitaka kuijua vizuri, ni ndugu wa magadi. Ndani ya magadi mna kaboni moja iliyoshikana na oksijeni tatu. Katika hii dawa, pale palipokuwa na oksijeni pamekaa salfa. Sasa ndugu hawa wanafanana kwa umbo, lakini tabia..."

"Nimeelewa, mjomba!" Alikuwa ameshafika mlangoni na ndoo mbili.

"Sikio la kufa halisikii dawa," mjomba alinung'unika. Kisha akapaza sauti: "Ile ndoo ya kupimia usiiguse! Nitaiosha mwenyewe nikirudi." Akachukua pampu yake akaenda kwenye matuta ya mbali, nyuma ya nyumba.

Chapuchapu aliosha ndoo, akafagia nusu ya ghala, akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo. Akafagia kwa kasi zaidi, akirudi kinyumenyume, na kisigino chake kikagonga ndoo ya kupimia. Ikapinduka. Dawa iliyobaki ndani ikatambaa kwenye sakafu ya saruji, nyekundu kama kidonda.

Alileta maji, akasugua. Doa likabaki palepale. Kama angekwenda kumwita mjomba, angesemwa mpaka masikio yazibe, na mechi ingempita. Ndipo akakumbuka darasani. Wiki iliyopita mwalimu wa sayansi alidondosha siki juu ya magadi, na magadi yakatoa povu, yakachemka, yakaisha. Watoto walipiga makofi. Na mjomba si amesema mwenyewe kwamba hii ni ndugu wa magadi?

Siki hakuwa nayo. Alikuwa na kitu kikali zaidi: chupa ya asidi ya kusafishia vigae vya choo. Akaileta mbio, akamimina yote.

Povu lilitoka kweli. Lakini halikuwa povu la darasani. Lilifoka kwa sauti ya chini, wekundu ukakunjamana, matone mazito kama mafuta yakaanza kutengana na maji na kukaa chini. Kisha harufu ikamjia usoni: mayai mabovu, si moja, si kumi. Macho yalimwasha, akatoka nje akikohoa.

Akafanya kosa jingine. Aliogopa harufu isimfikie mjomba, akarudi ndani amebana pumzi, akafunga dirisha. Akaufunga na mlango.

Hakukaa hata dakika tano, mjomba akapita kuchukua maji bombani. Akasimama, akanusa. "Harufu gani hii?"

"Yai viza, mjomba. Lilikuwa chini ya makopo, nikalikanyaga."

Mjomba alimtazama kidogo. "Ndoo yangu umeigusa?"

"Hapana."

"Haya. Lizike hilo yai mbali," akasema, akarudi na pampu yake kule nyuma. Chapuchapu hakuwa na mazoea ya kusema uongo, na labda ndiyo sababu aliaminiwa.

Aliufungua mlango tena kuangalia. Alichungulia na kunusa. Hakusikia harufu yoyote. Imeisha, alijiambia, hata doa limekaribia kuisha! Lakini kichwa kilikuwa kinamgonga, na ulimi ulikuwa na ladha kama ya sarafu. Alipokuwa amesimama pale, mjusi aliyekuwa ukutani akalegea, akaanguka sakafuni, pwata! Hakukimbia. Mkia ulitikisika mara moja, basi.

Msichana alirudi nyuma. Alijua sasa kuna jambo, alijua kabisa, lakini ulimi ulikataa kumwita mjomba. Akaenda bombani kunawa uso, akatumaini tu. Akanawa mara mbili, mara tatu.

Alipoinua kichwa, mlango wa ghala ulikuwa wazi. Khanga ya mama ilikuwa inapotelea ndani.

"Mama!"

"Nachukua vifuko tu, mwanangu," sauti ya mama ilitoka gizani, nzito kwa mafua. "Nimechoka kulala. Nani kafunga dirisha? Hebu niletee kiberiti, taa imeungua."

Mama asingesikia harufu hata kama ghala zima lingeoza. Chapuchapu alielewa hilo ghafla, na woga wa kusemwa ukamtoka wote, ukabaki woga mmoja tu mkubwa. Akapiga ukelele: "Mama, toka! Mjomba! Mjombaaa! Nimemwaga dawa, nikaitia asidi! Mama yuko ndani!"

Mjomba alitupa pampu chini, akaja mbio huku akivaa barakoa. Mama alikuwa amegeuka kuja mlangoni. Alipiga hatua mbili, akashika kichwa, akaanguka kizingitini, nusu ndani nusu nje. Chapuchapu alitaka kumrukia. Mjomba akamsukuma kando.

"Usisogee! Ukiingia, mtakuwa wawili!" Akavuta pumzi kule nje, akamshika dada yake kwapani, akamburuta hadi kwenye upepo, mbali na ghala. Akawafokea majirani waliokuwa wanakuja: "Msikaribie! Zimeni moto! Asiwashe mtu hata sigara!"

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi alimwekea mama oksijeni, kisha akauliza amevuta nini. Aliyejibu alikuwa Chapuchapu, neno kwa neno: dawa gani, asidi gani, kiasi gani, tangu saa ngapi. Muuguzi alimkagua na yeye, akaandika kila kitu. "Umetusaidia," alisema. "Kutibu kwa kubahatisha ni kazi mbaya."

Mama alitapika, akalala, na jioni akafungua macho na kuomba maji. Hapo ndipo Chapuchapu alipolia. Alilia mpaka kwikwi zikamshika.

Mjomba alimketisha kwenye benchi. "Leo utanisikiliza mpaka mwisho. Asidi juu ya magadi hutoa gesi ileile tunayoitoa kila tunapopumua. Asidi juu ya huyu ndugu yake hutoa gesi mbili. Moja inanuka mayai mabovu, na ikizidi inaua pua kwanza, usiisikie tena. Wewe ukadhani imeisha, kumbe ndiyo imekolea. Ya pili ni mvuke mzito unaotambaa chini, na unashika moto kwa cheche ndogo tu. Mama yako aliomba nini mle ndani?"

"Kiberiti," alinong'ona.

Mjomba akaendelea. "Na mimi nina langu. Dawa ile haikupaswa kubaki ndani ya ndoo, wala ghala kuachwa wazi. Nitaijengea kabati la kufuli. Lakini sikia. Kupiga ndoo teke ni ajali, kila mguu hukosea. Kumimina asidi ni ujinga, na ujinga hufundishwa. Lile yai viza ulilonidanganya nalo, lile ndilo lililomwingiza mama yako ghalani. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Mama aligeuza kichwa kwenye mto. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikabidi wainame kuisikia.

"Ungeniambia ningekufokea," alisema. "Ningekufokea sana, na mechi usingeenda. Ungenuna mpaka jioni." Akamshika mkono. "Ila kufoka kwangu, mwanangu, hakujawahi kuua mtu."