Ukungu Kwenye Kioo cha Mbele

Kila asubuhi ya mvua, binti wa dereva wa gari la shule alikuwa na kazi moja kabla ya chai: kutoa kapeti za gari zilizolowa, kutandika zile kavu, kisha kufuta vioo kwa ndani. Feni ya kupuliza kioo cha mbele ilikuwa imekufa. Unyevu ukibaki ndani, pumzi za watoto kumi na wawili zilijaza vioo vyote ukungu.

Siku hiyo blanketi lilikuwa tamu. Alichelewa kuamka, akatoka mbio, akazigeuza tu kapeti mbichi upande wa pili, akarudi jikoni.

"Umeweka kavu?" Mama aliuliza, funguo za gari mkononi.

"Kavu kabisa, Mama."

Watoto waliingia makoti yakichuruzika, wakafunga madirisha. Karibu na shule, kioo kilikuwa cheupe kama maziwa. Mama akakipangusa kwa kiganja, akaacha michirizi mitupu.

"Mbona leo hivi?" alinung'unika.

Binti, aliyeketi kando yake, alitazama viatu vyake. Walikuwa wamechelewa, na Mama hakusimama.

Langoni, bawabu wa shule alikuwa akiwavusha watoto. Ndani ya gari hakuna aliyemwona. Walisikia kishindo, kisha ukelele.

Mguu wake ulivunjika mahali pawili.

"Hayo macho umewekewa mapambo?" mkuu wa shule alimfokea Mama mbele ya wazazi, akamnyang'anya funguo. Mzazi mmoja akasema ananuka pombe, kitu ambacho Mama hajawahi kuonja. Darasani wasichana walivuta madawati yao kando. "Kaa huko! Mama yako anakanyaga watu kama panya."

Binti alinyamaza siku nne. Siku ya tano alimkuta Mama ameketi kitandani mchana kweupe, amevaa sare ya kazi asiyokuwa nayo tena.

"Mama, sikubadilisha kapeti. Nilikudanganya."

Mama hakumkumbatia. "Vaa viatu."

Alimpeleka kwanza kwa mkuu wa shule, na binti akayarudia maneno yale. Mkuu akasukuma funguo mezani. "Gari halitoki mpaka feni itengenezwe. Uliniomba mara tatu, dereva, nikakupuuza."

Kisha wakaenda hospitali. Bawabu alimsikiliza binti, mguu wake ukiwa umening'inizwa.

"Unataka nikwambie si kitu? Ni kitu. Daktari anasema nitachechemea maisha yangu yote."

Binti akaangua kilio.

"Lia, ukimaliza unisikilize. Kazi usipoifanya, sema hujaifanya. Mama yako angetandika kapeti kavu mwenyewe kwa dakika tano. Uvivu wako haukunivunja mguu. Ule uongo ndio ulionivunja." Akamgeukia Mama. "Na wewe, dada, ulipoacha kuona ungesimama."

Mama aliinamisha kichwa. "Kweli, kaka."

"Utanisamehe?" binti aliuliza.

Bawabu alifumba macho. "Siku nitakayotembea, uje uniulize."