Meno ya Adham

Enzi hizo nyumba nyingi za kijiji chetu zilikuwa bado na tanuri uani. Asubuhi moshi ulipanda taratibu kuelekea mlimani, na harufu ya mkate wa zaatari, yale majani makavu yanayochanganywa na ufuta, ikaingia hadi vyumbani. Wanaume walikwenda mjini kujenga nyumba za watu. Sisi wake zao tulibaki na watoto, kila mmoja nyuma ya ukuta wake.

Ndiyo maana tuliipenda Jumanne. Siku hiyo jirani yangu Intisar alifungua chumba cha chini cha nyumba yake. Zamani baba mkwe wake aliweka humo mitungi ya mafuta ya zeituni. Intisar alikipaka chokaa, akatandika mazulia makuukuu, akatualika sote tuliokuwa na watoto wadogo. Watoto walicheza katikati. Sisi mama zao tulikaa karibu na mlango tukinywa kahawa na kuzungumza. Chokaa haikuimaliza harufu ya zeituni, na mpaka leo nikifungua chupa ya mafuta nawasikia watoto wale.

Aliyeipenda Jumanne kuliko wote ni Rudayna. Alikuwa mgeni kwetu, ameolewa kutoka kijiji cha ng'ambo ya bonde. Mumewe alirudi nyumbani Ijumaa tu. Siku nyingine zote alishinda na mama mkwe wake, Hajati Fikriya, na mwanawe Adham, ambaye hakuwa amefikisha miaka miwili. Adham alikuwa mtoto mnene, mcheshi, mwenye maneno matatu tu: mama, maji na paka. Mara nyingi Intisar alipofungua mlango, aliwakuta wawili hao wameshafika.

Chumbani mlikuwa na ngoma moja ndogo, na kila mtoto aliitaka. Siku moja Adham alikuwa ameishika. Lamis, binti wa Hiyam, akamnyang'anya. Adham hakulia. Alimwinamia Lamis akamng'ata shavuni, na alipoachia, alama za meno zilionekana wazi.

Hiyam alimnyanyua binti yake. Alikuwa mja mzito, na hasira ilimfanya apumue kwa shida.

"Kakaangu anaoa Alhamisi," alimwambia Rudayna. "Watu watauliza nani kamla mwanangu. Niwaambie nini? Umeleta mtoto hapa, au umeleta mbwa?"

Akatoka. Dada zake na jamaa zake wakamfuata. Jumanne iliyofuata nusu ya wanawake hawakuja. Rudayna naye hakuja. Tuliobaki tuliinywa kahawa haraka haraka, tukaenda zetu.

Nyumbani kwao mambo yalikuwa mabaya zaidi. Hajati Fikriya alisema dawa ya mtoto anayeng'ata ni kumng'ata naye, apate kujua uchungu wake. Akamng'ata Adham mkononi. Adham alilia mpaka akalala. Alipoamka, akamng'ata mama yake. Rudayna alifunga mlango wa uani, na hata dukani akawa anamtuma mtu.

Intisar alianza kuogopa kwamba kikundi kitakufa. Alikwenda kwa nesi Afaf, aliyekuwa akipima watoto uzito katika zahanati ya kijiji, akamweleza yote. Kisha wakaenda pamoja kwa Rudayna, nami nikafuatana nao.

Hajati Fikriya alitukaribisha kwa kahawa na zabibu. Afaf hakuanza kufundisha. Alimuuliza Rudayna ni wakati gani Adham hung'ata. Rudayna alifikiri. Akasema ni pale anaponyang'anywa kitu. Tena ni karibu na adhuhuri, akiwa na njaa na usingizi.

"Basi si mtoto mbaya," Afaf alisema. "Ana hamu kubwa na maneno machache. Neno likikosekana, meno hutangulia. Ukimng'ata naye, anajifunza kwamba hata wakubwa hung'ata."

Hajati Fikriya aliweka kikombe chini. "Binti yangu, mimi nimelea saba. Hakuna aliyenishinda."

"Na umewalea vizuri, mama. Kijiji kizima kinajua. Lakini katika hao saba, hakuna aliyewahi kung'ata?"

Bibi aliangalia zabibu. "Fawaz," alisema mwishowe. "Baba yake huyu. Aling'ata hadi mbuzi. Aliacha alipoanza kusema."

Rudayna alicheka. Tangu siku ya ngoma sikuwa nimemwona akicheka.

Afaf akatueleza la kufanya. Mama akae chini, karibu na mtoto, si mlangoni. Akiona ugomvi unakuja, aweke mkono wake katikati na kumpa mtoto neno la kusema. Mtoto aking'ata, aliyeumizwa ndiye abembelezwe kwanza. Yule aliyeng'ata aambiwe kwa sauti tulivu, kwa maneno machache, kwamba kung'ata kunaumiza, kisha asogezwe kando kidogo. Asipigwe, wala asichekewe. Akiomba vizuri, asifiwe. Naye Intisar akaambiwa kwamba chumba chake kina ngoma moja na watoto wengi, na chakula kinachelewa. Intisar akakiri kwamba hilo hakuwa amelifikiria.

Kesho yake Rudayna alikwenda peke yake kwa Hiyam. Alimkuta akianika nguo. Alimwomba radhi, akamwambia aliyoyasikia kwa nesi. Hiyam aliendelea kuanika. Mara Lamis akatoka ndani amebeba viatu vyake, akaviweka miguuni pa mama yake.

"Unaona?" Hiyam alisema. "Kila asubuhi ananiletea viatu. Anataka kwenda huko huko alikong'atwa." Akabana shuka kwenye kamba. "Nitakuja. Lakini nitakaa karibu naye."

"Tutakaa wote karibu," Rudayna alimjibu.

Jumanne iliyofuata kila mmoja wetu alileta sufuria kuukuu, vifuniko na vijiko vya mbao, na chumba kizima kikawa ngoma. Mkate na jibini vililiwa mapema. Kahawa ilipoa mlangoni, kwa sababu sote tulikuwa chini kwenye mazulia. Lamis alichukua kifuniko cha Adham. Adham akafungua kinywa. Rudayna akaweka mkono wake katikati.

"Sema, nipe."

Adham alimtazama mama yake. Akamtazama Lamis. "Pe!" akasema.

Hiyam alimpa kifuniko kingine, akamsifu mbele ya wote.

Adham hakuacha kung'ata siku ile ile. Aling'ata tena mara moja, begani kwa mwanangu. Nilimbembeleza wangu, Rudayna akazungumza na wake, na hakuna aliyeondoka. Kadiri maneno yalivyoongezeka, meno yalipungua. Wale jamaa wa Hiyam walirudi mmoja mmoja.

Siku hizi kijiji kina shule ya chekechea yenye geti, na tanuri za uani zimezimika. Sisi wenyewe ni mabibi sasa. Lakini naikumbuka vizuri asubuhi ya mavuno ya zeituni, Hiyam aliposhikwa na uchungu wa kuzaa. Mama yake mzazi alikuwa hapo, na dada zake walikuwa hapo, kila mmoja amenyoosha mikono ampokee Lamis. Hiyam aliwapita wote, akivuka njia polepole huku ameshika kiuno. Alibisha mlango wa Rudayna, akamkabidhi binti yake, akaingia kwenye gari lililokuwa likimsubiri kumpeleka hospitali, bila kugeuka nyuma.