Karafuu kwenye Jino la Editha

Kila asubuhi Editha alifagia uwanja wao pale Mwembesongo, akasukutua kwa maji matupu, kisha akakimbilia shule. Mswaki wake ulikaa dirishani, mkavu. Miaka ile bidhaa za nje zilikuwa zimeruhusiwa tena kuingia nchini, na kila genge lilijaa peremende. Editha alipenda zile za maziwa. Aliiweka moja shavuni na kuiacha iyeyuke polepole.

Gego la chini lilipoanza kuuma, alimwambia rafiki yake Shakila peke yake.

"Wewe, usithubutu kwenda hospitali!" alisema Shakila. "Kaka yangu alishikwa na watu wawili. Daktari akamwekea goti kifuani, akavuta kama anang'oa muhogo!"

Editha aliogopa mno. Jikoni kulikuwa na karafuu alizoleta bibi kutoka Kinole. Aliiba moja, akaibana kwenye tundu la jino. Ganzi ikaingia, maumivu yakatulia. Akawa anafanya hivyo kila siku, akiamini kuwa anapona.

Wiki ya tatu aliamka shavu limevimba, mdomo haufunguki vizuri.

"Mungu wangu! Nani kakupiga?" aliuliza mama yake.

"Hakuna, mama. Ni jino. Usinipeleke hospitali, nakuomba! Wataniwekea goti!"

Mama alimfunga khanga kufunika shavu, wakaondoka.

Kwa daktari wa meno, Editha aliyakazia macho magoti ya daktari. Shikamoo yake ilisikika kwa shida.

"Marahaba. Mbona unanitazama miguu?" aliuliza daktari.

"Goti..." alinong'ona Editha.

Daktari alicheka. "Mwanangu, goti langu hili lina baridi yabisi. Kupanda ngazi tu ni shida."

Alimpa dawa za kutuliza uvimbe, akamwambia arudi Ijumaa. Siku hizo tano Editha hakuwaza kitu kingine. Ijumaa alifumba macho, akabana mkono wa mama. Sindano ilichoma, kisha akasikia kuvutwa tu. Alipofumbua macho, jino lilikuwa kwenye sahani, jeusi katikati.

"Hili halitaota tena," daktari alisema kwa upole. "La jirani nalo limeanza kutoboka, lakini hilo nitaliziba. Karafuu ilituliza maumivu tu, jino likaendelea kuoza. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, mpaka magego ya nyuma. Peremende punguza. Na jino likiuma, mwambie mama siku hiyohiyo. Ungekuja mapema, leo ningekuwa naziba meno mawili, sing'oi hata moja."