Wimbo wa Kuaga Uliokatwa

Maimuna alikuwa akikuna nazi uani kwake Munje, jua limesimama utosini, mara mkono ukaacha kwenda. Akainua uso, akanusa hewa, akasema kwa sauti nzito ya mwanamume wa zamani, "Marashi yangu yako wapi?" Kisha akainama, akaendelea kukuna kama aliyepiga chafya tu.

Binti yake Twaiba alikuwa ameketi mlangoni, kompyuta mapajani. Akacheka. "Mama, leo umekuwa bwana nani?"

"Nimekuwa nani kwani? Niletee kifuu hicho, uache maneno."

Twaiba akaenda kukichukua, na hapo kicheko kikamkatika. Uani palinuka udi uliolowa maji, na chini ya udi, harufu ya tope la mikoko. Wala udi haukufukizwa siku ile, na mikoko iko mbali na nyumba ile.

Nawaambia mapema, ili mtu asiniulize katikati. Maimuna alikuwa kiti cha pepo. Alimrithi kwa mamake, na mamake kwa mamake. Nyumbani hawakumtaja jina, walimwita Mgeni, na kwa kweli hakuwa mgeni mbaya. Alikuwa na ada yake. Kila mwaka, masika ikishapita, Bi Hasina mganga huja na ngoma zake na kina mama wake, wakaimba wimbo wa kumwita. Mgeni hupanda kichwani mwa Maimuna, akapewa marashi na halua, akauliza habari za watu, waliozaa na waliokufa. Akishakinai, huimbiwa wimbo wa kuaga, polepole, na kigoda chake hupinduliwa. Huyo amekwenda. Maimuna hulala usingizi wake mpaka mwaka mwingine.

Sasa huyu Twaiba alikuwa akisoma chuo kimoja huko Ukunda, mafunzo ya kutengeneza podikasti na tovuti. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kufungua tovuti yake mwenyewe na kuweka kipindi ambacho watu watakisikiliza kweli, wala si rafiki zake peke yao. Akamwendea Bi Hasina, akamwamkia, akamwomba ruhusa ya kurekodi ngoma ya mamake.

"Chukua, mjukuu wangu," Bi Hasina akamwambia. "Ila ukichukua, chukua yote. Usije ukanichukulia kichwa ukaniachia miguu."

Akachukua yote, haki ya Mungu. Lakini mwalimu alipoisikiliza alisema ni ndefu, masikio ya siku hizi hayana subira, ikatie pale inaponoga. Twaiba akaitazama ile sauti kwenye kioo cha kompyuta. Wimbo wa kuita ulisimama kama vilima. Wimbo wa kuaga ulikuwa mwembamba kama uzi, kina mama wamechoka, mmoja anakohoa. Akaukata. Na mwanzoni, kama alivyofunzwa, akatia sauti yake mwenyewe, tamu: "Karibu. Mimi ni Twaiba wa Munje. Karibu, kaa nasi."

Kilipendwa kipindi kile. Mwenzake darasani, Mulwa, mtoto wa Wakamba walohamia mashamba ya skimu yaliyogawiwa na serikali, alimpigia simu jioni ya siku ile ile ya nazi.

"Twaiba, hii kitu imeshika, yaani. Nimemtumia cuzo wangu, mtoto wa shangazi, ako na hoteli ya madereva wa malori huko Samburu. Anaicheza kwa spika. Madereva wanaiitisha wabebe kwa simu, wanasema inawatoa usingizi barabarani."

"Wanaibeba kwenda wapi?"

"Kila mahali. Kwani malori huenda wapi?"

Twaiba alikuwa bado na simu sikioni mamake alipoingia na sinia ya wali, akasimama mlangoni, akaiachilia ikaanguka. "Nimefika," akasema kwa ile sauti nzito. "Mbona hapana mtu?"

Tovuti ile ina pahali panapomwonyesha mwenyewe ni wangapi wanaosikiliza saa hiyo. Twaiba akapafungua. Palikuwa na mtu mmoja. Mtu huyo alipomaliza kusikiliza, Maimuna akayumba, akashika ukuta, akauliza nani kamwaga wali. Kisha wakaja wasikilizaji wawili, na kabla Twaiba hajakiweka kioo chini mamake alikuwa ameketi sakafuni, shingo inazunguka, kidole kinagonga ubao wa kitanda kwa mdundo ambao Twaiba aliujua vizuri, maana aliusikiliza mara nyingi mno akitafuta pa kuukatia.

Akakifuta kipindi usiku huo huo. Hakikubakia hata jina. Asubuhi Mgeni akapanda Maimuna hajanawa uso.

"Kipo kwa simu za watu," Mulwa akamwambia kwa sauti ya chini. Alikuwa amekuja mwenyewe, amesimama uani na kofia mkononi. "Cuzo amefuta yake. Lakini wale madereva siwajui, Twaiba. Na pia wao wametumia wengine."

Twaiba akaweka kingine kizima, chenye wimbo wa kuaga, akawasihi watu wasikilize mpaka mwisho na wakifute kile kifupi. Wachache wakafanya. Wengi walikipenda kile kifupi.

Basi ikawa hivyo, na mnisikilize, maana hapa ndipo penye shida yenyewe. Mgeni akiwa juu, chakula hakipiti. Zamani ilikuwa jioni moja kwa mwaka, haidhuru. Sasa Maimuna akitia tonge mdomoni, mtu asiyemjua, kwenye gari asilolijua, anabonyeza simu yake ajifurahishe kidogo, na tonge linatoka. Akilala, mwingine anabonyeza. Akisimama kuswali, mwingine. Na Twaiba anambeba mama aliyekuwa akibeba gunia la nazi mwenyewe, anamhisi mwepesi kama kanga iliyoanikwa, mbavu zinahesabika, midomo imepasuka, na harufu ile ya udi na tope imeingia kwenye mito, kwenye maji ya mtungi, kwenye nywele zake Twaiba mwenyewe, hata akitoka nje watu wanageuka. Ustadh alikuja akasoma Yasini. Maimuna alitulia, akalia, akaomba uji. Ustadh hajavaa viatu vyake mlangoni, uji ukatoka.

"Mwanangu," Maimuna alimnong'oneza siku moja, katikati ya kupanda na kupanda. "Nikifa usijilaumu. Lakini nisingependa kufa na njaa."

Twaiba akaenda mbio kwa Bi Hasina. Alipiga magoti, akasema yote, hata kile kikohozi cha bibi alichokikata.

Bi Hasina akamshika mabega, akamwinua. "Umemwita, ukamwita, ukamwita," akasema. "Na hujamwambia hata mara moja, haya, nenda zako."

"Mwimbie wewe, Bi. Nakuomba."

"Nitamwimbia. Na mwingine huko atamwita nikiwa sijafunga mdomo. Twende, lakini."

Walipoingia nyumba ile, Mgeni alikuwa juu. Maimuna ameketi wima juu ya kigoda, mikono magotini, jinsi wazee wa kiume wanavyokaa barazani. Macho yamefumba. Bi Hasina akamnyunyizia marashi, akaketi chini mbele yake.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, Hasina. Nimechoka."

Ilikuwa mara ya kwanza Bi Hasina kumsikia akisema hivyo.

"Naitwa, nakuja," Mgeni akasema taratibu. "Nikifika, hapana marashi. Hapana ngoma, ila ile ninayoisikia njiani. Hapana anayenitazama. Kabla sijaketi, naitwa tena. Hiki kiti kinavunjika chini yangu, Hasina, na mimi sikipendi kivunjike. Niambie ni nani mwenye kuniita, nikakae kwake."

"Ni watu wengi, Bwana. Hawajui wafanyalo."

"Siyo watu wengi. Ni sauti moja. Ya mwanamke kijana. Kila mara huanza yeye, anasema karibu, kaa nasi."

Twaiba alikuwa ukutani, mgongo umegandamana na udongo.

"Nyamaza," Bi Hasina akamwambia bila kugeuka, midomo haitikisiki. "Usijibu. Nakuapia, Twaiba, usijibu."

Maimuna alikuwa akipumua kama mtu aliyekimbizwa. Kifua kilipanda, kikashuka, na kati ya kupanda na kushuka palikuwa na mapengo, na kila pengo lilizidi lililotangulia. Twaiba akalisikiliza pengo moja. Lilichukua muda mrefu kuisha.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ni Twaiba wa Munje. Karibu."

Macho ya Maimuna yakafumbuka. Yalikuwa macho yake mwenyewe. Harufu ikahama kama mtu anayevuka chumba, ikampita Bi Hasina, ikafika ukutani.

"Umefanya nini?" Maimuna akauliza kwa sauti yake. "Hasina, mtoto amefanya nini?"

Bi Hasina alikuwa ameshaanza wimbo wa kuaga.

Siku hizi Maimuna amerudi mwili. Anakula, anakuna nazi, anauza. Twaiba alimaliza chuo, maana alikataa kuacha, na sasa anafanya kazi Diani, anawatengenezea watu tovuti zao. Mulwa yuko meza ya pili, na mkobani mwake mna chupa ya marashi. Twaiba yuko katikati ya kumweleza mteja jambo, mkono unasimama, uso unainuka, sauti nzito inauliza mbona hapana mtu. Mulwa anamwambia mteja, "Samahani kidogo, ako na malaria," anamimina marashi, anaketi mbele yake, anamtazama. Alifunzwa na Bi Hasina. Anamwambia, "Shikamoo, Bwana. Mtu yupo."

Lakini siye Mulwa anayemteremsha. Bi Hasina alisema wimbo wa kuaga ukiimbwa na mtu wa damu ya Twaiba hufika popote, kama ule mwingine unavyofika. Ndiyo maana ukipita Munje utamsikia Maimuna akiimba. Anaimba akifagia, anaimba akichota maji, anaimba na tonge shavuni, wimbo huo huo mmoja, hana habari ni saa ipi mtu atabonyeza simu wala wapi. Wapitao njia husema yule mama ana furaha, jamani.

Usiku hulala kidogo kidogo, akishituka anaanza palipokatika. Bi Hasina humpa tangawizi na asali ya koo.

Juzi jirani alisimama uani asubuhi, akashangaa pamekuwaje kimya. Maimuna alikuwa pale pale kwenye mbuzi ya nazi, mdomo unakwenda, mishipa ya shingo imesimama. Sauti haitoki.

Na simu ilikuwa ikilia ndani, simu ya Mulwa kutoka Diani, inalia, inakatika, inalia tena.