Mkono Usioshika Bega

Jumamosi ile Libérate hakufika sokoni Mulongwe. Achille alikataa abiria watatu, akasubiri juu ya pikipiki yake mpaka ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wakaanza kukauka kwenye meza za wauzaji. Alipiga simu mara sita. Imefungwa.

Walijuana hapo hapo, mwaka uliopita. Libérate alifanya kazi za nyumbani kwa mama mmoja wa mtaani. Siku ya kwanza alipanda pikipiki miguu ikielekea kushoto, ndoo ya samaki mapajani, akamshika Achille bega kwa mkono wa kulia bila kuomba.

"Dada, hilo bega ni la mama yangu."

"Atanisamehe. Miye naogopa kuanguka."

Tangu hapo, kila Jumamosi, mkono ule ulitulia pale pale. Achille hakuhitaji barua nyingine ya mapenzi.

Lakini Jumamosi ya mwisho kabla hajapotea, Libérate alikaa na mkono ndani ya kitenge chake cha njano.

"Shika."

"Endesha tu."

"Unaogopa nani akuone? Kama umepata wa Bujumbura mwenye gari, sema."

Libérate alishuka kwenye kona bila kuaga.

Siku ya tisa tangu ashuke pale kwenye kona, Achille alimkuta Noella, mfanyakazi wa nyumba jirani na ile alikofanya kazi Libérate, akichota maji bombani.

"Weye motari, ulimutukana mutu bure," Noella alisema, macho kwenye bidoni lake. "Mboga ya sombe iliungua jikoni. Yule mama akamupiga na muchi ku vidole. Ile Jumamosi alikuwa anakuficha mukono. Kesho yake akanyang'anywa simu, akafukuzwa."

"Libérate yuko wapi?"

"Kwao, Bwegera."

Achille alipanda pikipiki, akapita mji wa Sange njiani bila kusimama. Alimkuta Libérate uani kwa wazazi wake, amevaa kitenge kile kile, akichambua mchele kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe.

"Unamutafuta wa Bujumbura? Hayuko hapa."

Achille alichuchumaa mbele ya ungo. "Nisamehe, sheri wangu. Ungeniambia."

"Ungeenda kumupiga yule mama, wakufunge. Nani angenibeba Jumamosi?"

Achille akaanza kutoa mawe kwenye mchele pamoja naye.

"Vidole viko aje?"

"Viwili havikunjiki tena."

Achille alikusanya vijiwe pembeni mwa ungo. Kisha akasema, "Nataka kuleta wazee kwa baba yako."

"Walete. Lakini mbele ya harusi unifikishe tribinali kumushitaki yule mama. Nitasema yote, na jina lake. Noella amekubali kuwa shahidi."

"Watu watakusema."

"Waseme. Wasichana wengine wako mu majikoni sasa hivi, wameficha mikono."

Achille aliutazama ule mkono wenye kitambaa cheupe. "Nitakufikisha," alisema.

Wazee walikwenda Bwegera Jumapili, wakapokelewa. Shauri litasikilizwa mahakamani Alhamisi, saa tatu asubuhi. Siku hizi Libérate hupanda pikipiki miguu ikielekea kulia, ili ashike bega kwa mkono wa kushoto.