Peja Mbili, Mlio Mmoja

Mgeni yule aliingia kinyozini Jumamosi mchana, saa ambayo mvua ya Galway, mji wa pwani ya Ayalandi, huwasukuma ndani hata wasiotaka kunyolewa. Kijana mrefu, sweta la kijani, mabega kama mlango.

"Nipunguzie nywele, kaka, kesho naenda kwa mama. Akiniona hivi atanifukuza."

Cathal, kinyozi, akacheka, akamfunga shuka shingoni, akawasha mashine. Dirishani alikaa Sorcha, gauni lake la njano limelowa pindoni, akimngoja wakale supu ya samaki. Walikuwa na miezi saba pamoja, na bado Cathal alimchungulia kwenye kioo kila mara.

Ndipo peja, kidude kidogo cha kupokea wito, ikalia kiunoni mwa Sorcha. Mlio huo Cathal aliuzoea: kuna mtu hatarini baharini, na wanaojitolea kwenye mashua ya uokoaji wanaitwa. Asiouzoea ni mlio wa pili, sekunde ileile, kutoka chini ya shuka alilomfunga mgeni.

"Kumbe na wewe?" Sorcha aliruka, macho yakimng'aa.

"Fiachra. Nimehamia wiki hii. Gari langu liko nje."

"Basi unakaa unasubiri nini, kubebwa?"

Wakatoka mbio, yeye na gauni la njano, yule na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado msitu. Wateja wote walicheka isipokuwa Cathal.

Saa kumi simu ya Cathal ikaita.

"Roho yangu, tumerudi. Wazee wawili na mtumbwi wao. Wazima kabisa."

"Na nusu kichwa?"

Sorcha alicheka, akacheka mno. "Masikini, kavaa kofia! Yuko hapa, anakusalimu."

"Yuko hapo."

"Cathal, usianze."

"Kwa nini msitumie simu kama watu wengine? Simu ikilia nitauliza nani kapiga. Hicho kidude kinawaita pamoja, mnaondoka pamoja, mimi nabaki na mabakuli mawili ya supu!"

"Simu unaweza kuizima. Mtandao ukizidiwa, inakufa. Peja ina kazi moja tu."

"Ndiyo. Kukutoa kwangu."

Cathal akakata simu.

Wiki nzima hawakusemeshana. Cathal alizunguka hadi bandarini kununua mkate asiouhitaji, ili aone kama gari jekundu la Fiachra lilikuwa limeegeshwa karibu na baiskeli ya Sorcha. Lilikuwepo. Ijumaa mwenye gari akaja kumaliziwa kichwa. Cathal alimnyoa akimnusa kama ana manukato ya Sorcha. Alinuka chumvi na dizeli.

"Sijakuchukulia mtu, kaka," Fiachra alisema mwishoni. "Lakini sikufichi. Ukimwacha, nitajaribu bahati yangu."

Hata kabla mlango haujajifunga, Cathal alikuwa anapiga simu.

"Mimi mjinga, Sorcha."

"Hilo najua. Endelea."

"Wivu unanila. Nisamehe, laazizi."

"Jumapili naogelea ufukweni Salthill. Njoo na taulo lako, langu simwazimi mtu."

Jumapili kulikuwa na jua, na watu wamejaa kwenye mnara wa kurukia. Sorcha, kwenye nguo nyeusi ya kuogelea, alimwekea Cathal peja kiganjani.

"Sijawahi kumpa mtu yeyote. Ikilia, uniite papo hapo. Unaahidi?"

"Naahidi."

Akapanda, akaruka. Cathal alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri: akitoka majini, angemwomba awe mkewe.

Peja ikamlilia mkononi. Upepo uliumeza mlio. Hakuna mwingine aliyegeuka. Mashua huchukua watu wanne, na wanaochelewa hubaki nchi kavu. Akinyamaza dakika tano tu, nafasi zitajaa, na Sorcha atakuwa wake mchana kutwa.

"Sorcha!" alipiga kelele hadi koo likamuuma. "Inalia! Sorcha!"

Sorcha alipanda ngazi kutoka majini akihema. Barabarani gari jekundu lilikuwa limesimama, honi mfululizo, Fiachra akipunga mkono. Sorcha alilitazama, akamtazama Cathal, na kwa mara ya kwanza akasita.

"Nenda," Cathal alisema.

Akamfunika mabega kwa taulo, akamkimbiza hadi barabarani, akamfungulia mlango wa gari, akaufunga kwa mkono wake mwenyewe.